Ukucha wa Tabibu Menofilo

Benchi liko nje ya duka langu la kunyolea, kona ya mtaa wa wafinyanzi hapa mjini Nola, nchi ya Warumi, na mimi Oppio ndiye mwenyekiti kwa sababu benchi ni langu. Asubuhi ile tulikuwa wanne, kila mtu na kikombe chake cha divai ya moto yenye asali. Siki, anayeuza siki na kunukia siki. Jemadari, aliyekaa jeshini miaka ishirini akipika uji. Na Trebio, mpiga mbiu wa mnada. Ukimsikia sokoni unanunua hata punda kilema. Ila siku hizo sauti hana. Mafindofindo yamemkamata mara ya tano mwaka huu, anaongea kwa kunong'ona, na mnada wa mavuno umebaki mwezi mmoja. Alikuwa anamsubiri Menofilo, yule tabibu Mgiriki wa mlango wa pili ng'ambo ya barabara, amtoe zile tezi za kooni.

— Anaanza na kisu? nikauliza.

— Kisu baadaye, akasema Siki. — Anaingiza kidole, anachokoachokoa pembeni kwa ukucha, tezi ikilegea anaivuta. Ikigoma ndiyo anachukua ndoano na kijisu. Halafu unasukutua siki. Siki yangu.

— Wewe umejuaje?

— Ananunua mitungi miwili kila wiki. Unadhani anatia kwenye kabichi?

— Ukucha wenyewe ni ule mrefu, wa mkono wa kulia?

— Huo huo.

— Jana nimemwona anamenyea yai.

Trebio akafumba macho.

— Usimtishe mgonjwa, Oppio. Huwa anauosha.

— Kabla ya yai au baada ya yai?

Jemadari akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue tumekwisha.

— Ukucha si tatizo, akasema. — Tatizo zile tezi ndizo zinazoshika sauti. Moja ya kupandisha, moja ya kushusha. Akikutoa ya kulia akaiacha ya kushoto, Trebio, ndugu yangu, utanadi kama kitoto kichanga.

— Acha kamba, Jemadari.

— Tulikuwa na askari mmoja kule mpakani, alitolewa zote mbili. Akipiga kelele, farasi wanasikia, watu hawasikii.

— Ulimwona kwa macho yako?

— Nilimpikia uji.

— Basi uji wako ndio uliomharibia koo.

— Mnacheka, akadakia Siki, — lakini hamjajiuliza zinakwenda wapi zikishatolewa. Hazitupwi zile. Anazikausha, anawauzia waigizaji wa Neapoli. Wanazimeza kabla ya mchezo.

— Kwa hiyo kuna mwigizaji atamlilia marehemu jukwaani, ghafla aanze kunadi punda?

— Atanadi. Na watu watanunua.

Tukacheka, Trebio naye akacheka, kisha akalishika koo kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga. Akanong'ona kitu. Ikabidi tuiname kumsikia.

— Sauti isiporudi, mimi nitafanya kazi gani? Sijui kitu kingine.

Nilimwonea huruma sana, na nikiona huruma huwa najitia ujasiri.

— Itarudi, nikasema. — Mwanaume mzima unaogopa kidole? Ningekuwa mimi, ningeshamaliza zamani.

— Hata mimi, akasema Siki.

— Jeshini tulikuwa tunatolewa asubuhi, mchana tunakula, akasema Jemadari.

Menofilo akatoka nje, amekunja mikono ya kanzu. Akaweka kiti juani mbele ya mlango wake, apate mwanga wa kuona kooni, halafu akavuka barabara kuja kwetu.

— Msaidizi wangu yuko Capua, akasema. — Mgonjwa akitikisika naweza kukwaruza pasipotakiwa. Nani kati yenu atamshika kichwa?

Siki akachungulia ndani ya kikombe chake. Jemadari akalikumbuka goti lake linalouma. Na mimi, ninayeshika vichwa vya watu tangu alfajiri mpaka jioni, nikaanza kufuta wembe uliokuwa safi tayari. Niliogopa, nasema kweli. Damu nimeizoea. Niliogopa sauti ile isije ikapotelea mikononi mwangu.



Trebio akatutazama mmoja mmoja. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe kukaa kwenye kile kiti, akafumbua mdomo. Alipoona bado tumekaa, akanigeukia mimi, akajigonga utosini mara mbili, vile vile wateja wanavyonionyesha pa kunyoa.

Nikaenda. Nikasimama nyuma yake, nikakiegemeza kichwa chake tumboni kwangu, kina homa, kinawaka. Menofilo akakunjua kidole. Alikuwa hata hajamgusa, na mimi machozi yalishafika kidevuni.

Akatutazama wote wawili.

— Samahani, akasema, — mgonjwa ni yupi?