Fundi Luqman na Nyundo Isiyofungwa

Wasikilizaji wapendwa, leo nimemwambia fundi mitambo wetu wa studio asiweke muziki wa huzuni. Familia ndiyo iliyoomba hivyo. Bi Mwasiti, mjane wa marehemu, alinishika mkono pale msibani Ujiji akaniambia, "Mwanangu, usimlilie redioni. Waeleze watu ile mashine ilivyofanya kazi. Yeye angetaka hivyo."

Basi nitaeleza mashine.

Tunamkumbuka Fundi Luqman Pazi, fundi wa injini za boti, mzaliwa wa Ujiji. Alifariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na nane. Wengi wenu mlimjua Katonga, ambako karakana yake ilikuwa hatua chache kutoka soko la samaki. Mlimpelekea injini zimekufa, akazirudisha zikiwa hai. Wachache mnajua kwamba mwaka 1997 alitengeneza keekee ya kutobolea mwamba, keekee inayopiga kama nyundo na kuendeshwa kwa mota. Na wachache zaidi mnajua kwamba mara ya kwanza aliikosea vibaya sana.

Kwanza mjue alivyofanya kazi. Boti ikiwa ziwani inatetemeka saa nane mfululizo. Nati iliyolegea inatoka, inaanguka majini, na huioni tena. Kwa hiyo Fundi Luqman alikaza kila kitu. Alikaza, akapitisha waya kwenye kichwa cha bolti, kisha akakaza tena. Spana zake zote alizifunga kamba, na upande wa pili wa kamba aliufunga kwenye kifundo cha mkono. Bintiye Yusra anasema mambo yalikuwa hayo hayo hata nyumbani. "Baba alikuwa anakaza mpaka mfuniko wa chupa ya chai," aliniambia. "Mama peke yake ndiye aliyeweza kuufungua."

Sasa twende mwaka 1997. Waliokuwapo wanakumbuka. Wakimbizi walikuwa wanaingia kutoka Burundi kwa miguu na kutoka Kongo kwa boti. Kambi zilijaa. Vijiji vya ufukweni navyo vilijaa, maana si kila aliyeshuka kwenye boti alifika kambini siku hiyo hiyo. Kabuyange, kijiji kilicho njia ya kwenda Ilagala, kilikuwa na watu mara mbili ya kawaida. Wote walikunywa maji ya ziwa, na wote walioga na kufua humo humo. Mwezi wa tisa kipindupindu kikaingia. Wagonjwa tisa walilazwa ndani ya wiki moja. Nimelea watoto wanne, sihitaji kuelezwa wiki kama hiyo inakuwaje.

Kisima kilikuwa kimeanza kuchimbwa. Kilifika futi ishirini na nane, kikagonga mwamba. Mwamba mgumu wa rangi ya kutu. Kwa mtaimbo na nyundo ya mkono, wachimbaji walikuwa wanashuka upana wa vidole viwili kwa siku.

Mtauliza, kwa nini hawakutumia baruti? Baruti ilikuwapo. Lakini mwaka uliotangulia ililipuliwa kwenye machimbo ya kokoto, na wakimbizi waliposikia mshindo walidhani vita imewafuata. Waliingia ziwani na watoto mgongoni. Baada ya hapo, hakuna kiongozi aliyekubali kusikia tena neno baruti. Na zile keekee kubwa za barabarani zinaendeshwa kwa kompresa, mashine ya kubana hewa, na kompresa ya karibu ilikuwa mkoa mwingine.

Afisa maji wakati huo alikuwa Bi Elinipa, mwenyeji wa Same, aliyehamishiwa kwetu. Alikwenda Katonga, akamkuta Fundi Luqman chini ya injini, akamuuliza kama anaweza kutengeneza keekee ya mwamba isiyohitaji kompresa. Fundi alimjibu bila kutoka chini ya injini kwamba anaweza. Baadaye alikiri kwa mkewe kwamba hakuwa na uhakika hata kidogo.

Alihitaji vitu viwili. Cha kwanza, msaidizi mwenye mikono mizuri. Bi Elinipa alimpata kambini: Feliksi, fundi baiskeli kutoka Rumonge huko Burundi, mkimbizi. Feliksi alipewa kibali cha kutoka kambini kwa siku kumi na nne. Siku ya kumi na nne jioni awe amerudi na kuripoti. Akichelewa, asingepewa kibali kingine.

Cha pili, mota. Mota nzuri aliyoijua ilikuwa nyumbani kwake, kwenye mashine ya kusaga nafaka ya Bi Mwasiti. Mashine ile ndiyo iliyolisha nyumba yao siku ambazo wavuvi hawakuwa na kitu. Fundi aliiomba kwa siku kumi na nne. Bi Mwasiti alimpa, akamwambia maneno ambayo jana aliyarudia kwangu akicheka: "Mota hii ikifa, Luqman, na wewe utafute pa kula."

Kwa hiyo shikeni haya, wasikilizaji. Kisima kisipopata maji, watu wanarudi ziwani. Feliksi ana siku kumi na nne. Na mota ni ya Bi Mwasiti.

Ujiji ni mji wa maneno. Mota ilipopakiwa kwenye gari, mtaa mzima ulitoka. Mwanamke mmoja alimpigia kelele Bi Mwasiti akiuliza kama sasa anasaga mawe, na kama mteja aje na mawe yake mwenyewe.

Sasa mashine. Sikilizeni taratibu, si ngumu. Mota inazunguka. Mkanda unapeleka mzunguko kwenye gurudumu kubwa zaidi, ili mwendo upungue na nguvu iongezeke. Gurudumu lina pini pembeni, si katikati. Gurudumu likizunguka, ile pini inavuta na kusukuma fimbo ya chuma, juu chini, juu chini. Mafundi wanaiita konrodi. Kwenye ncha ya konrodi Fundi Luqman aliweka nyundo, kipande kizito cha shafti ya propela. Chini ya nyundo ikakaa tindo ndefu iliyogusa mwamba. Ni kugeuza mzunguko kuwa mapigo. Kwenye karatasi inapendeza.

Nyundo aliifunga kwenye konrodi kwa bolti nne. Alipitisha waya. Akakaza tena.

Siku ya sita waliishusha kisimani kwa kapi na mnyororo. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya shirika moja la misaada, iliyokaa juu, mbali na mdomo wa kisima, maana moshi wake ungeua watu chini. Hapa niseme wazi: kushusha waya wa umeme kwenye kisima chenye unyevu ni hatari, msiige. Wao walikausha maji yaliyochuruzika ukutani kila baada ya nusu saa, na bado walikuwa wanacheza na maisha yao.

Waliwasha. Nyundo ilipiga mara kumi na moja. Feliksi alihesabu. Pigo la kumi na moja konrodi ikapinda, beringi ikapasuka, mota ikanguruma bila kuzunguka, na harufu ya kuungua ikapanda mpaka juu.

Na juu, wasikilizaji, alikuwa amesimama Bi Mwasiti. Siku hiyo hiyo. Anasema, "Sikwenda kumwangalia yeye. Nilikwenda kuangalia mota yangu."

Mashine ilipandishwa. Fundi Luqman alipanda nyuma yake. Bi Mwasiti aliinama, akainusa mota, akaizungusha kwa mkono. Ilizunguka. Kisha akaangalia zile bolti nne na waya zake, akamwambia mumewe mbele ya watu: "Mota yangu ni nzima. Lakini wewe umekaza kama unaogopa kitu kitazama. Hapa kuna ziwa?"

Fundi alikaa kwenye jiwe, akaishika ile konrodi iliyopinda. Alikuwa ameshaona kosa lake. Nyundo ikigonga mwamba, mwamba nao unagonga nyundo. Pigo lina pa kwenda pawili tu, chini kwenye jiwe au juu kwenye mashine. Ukiifunga nyundo kwenye konrodi, kila pigo linarudi juu, mpaka kwenye mota. Kilichookoa boti zetu miaka yote ndicho kilichovunja keekee. Kosa aliliona, ila hakujua atarusha vipi nyundo ambayo hajaishika.

Feliksi alikwenda kwenye baiskeli yake akarudi na pampu. Alimwita Fundi "Mutama", yaani mzee, kwa heshima ya kwao.

"Mutama, ziba mdomo wa pampu kwa kidole. Kaza. Sasa sukuma."

Fundi alisukuma.

"Inagoma," akasema.

"Achia mpini."

Mpini ukaruka wenyewe.

"Nani ameurusha?" Feliksi akauliza.

Fundi alisukuma tena, akaachia tena. Bi Mwasiti anasema alirudia mara nyingi mpaka akatamani kumnyang'anya.

Hiyo ndiyo keekee, wasikilizaji. Hewa iliyofungiwa inakataa kubanwa. Walichukua silinda ya injini ya boti iliyokufa, wakaweka pistoni juu, imefungwa kwenye konrodi mpya kama kawaida. Chini yake, ndani ya silinda ile ile, wakaweka nyundo. Nyundo haikufungwa popote. Katikati ya pistoni na nyundo kulikuwa na hewa tu. Pistoni ikishuka inabana hewa, na hewa inairusha nyundo kwenye tindo. Pistoni ikipanda inavuta hewa, na nyundo inafuata juu. Pigo likirudi, linakutana na hewa, haliikuti konrodi. Hewa inakuwa kama godoro. Nairudia kwa sababu ndiyo siri yote: pistoni imefungwa, nyundo iko huru, katikati ni hewa.

Ngozi za kuzuia hewa isivuje walizikata kama za pampu ya baiskeli, ila kubwa. Tindo nayo ilibidi igeuzwe kidogo baada ya kila pigo, la sivyo inajinasa kwenye tundu lake. Feliksi alitumia friwili, ile ya gurudumu la nyuma inayolia tik-tik-tik na kukubali kuzunguka upande mmoja tu. Mtu anasukuma mpini mbele na nyuma, tindo inageuka upande mmoja.

Siku ya kumi walijaribu juu, kwenye jiwe. Ilipiga dakika tano, kisha nyundo ikalegea, ikawa inacheza tu. Hewa ilikuwa inavuja kidogo kidogo na hapakuwa na pa kuingilia nyingine. Fundi Luqman alitoboa tundu dogo ubavuni mwa silinda, pistoni ikifika juu hewa mpya iingie. Tundu la upana wa msumari. Kuanzia hapo haikusimama.

Mapigo kama mia saba kwa dakika. Watu wa Kabuyange waliiita Kigogota, kama yule ndege anayetoboa miti. Na wakimbizi waliokuwa wamelala kwenye jengo la shule walitoka kuja kuangalia. Hawakukimbia. Feliksi aliniambia kwa simu juzi, kutoka kwao Rumonge, kwamba hilo ndilo analolikumbuka kuliko yote. "Wamama walikaa wakaisikiliza. Mmoja akalaza mtoto pale pale, akalala."

Siku ya kumi na moja, ya kumi na mbili, walitoboa matundu kwa mistari, wakapigilia kabari za chuma, mwamba ukapasuka vipande. Siku ya kumi na tatu, saa tisa alasiri, maji yalipanda mpaka magotini. Fundi Luqman alikuwa bado chini, spana imefungwa mkononi. Alipandishwa amelowa, na kwanza kabisa akauliza kama mota imepandishwa.

Siku ya kumi na nne Feliksi aliripoti kambini kabla ya jua kuzama. Alibeba dumu moja la maji ya Kabuyange kwenye baiskeli. Mlinzi alimuuliza amebeba nini, akasema ni kazi yake ya wiki mbili.

Mota ilirudi Ujiji jioni hiyo hiyo. Bi Mwasiti aliifunga mwenyewe na kuijaribu kwa debe moja la mahindi, kisha ndipo akampa mumewe chakula.

Kigogota ilitoboa visima vingine sita, kwa mota nyingine. Bi Mwasiti hakuazima tena. Fundi Luqman hakujisifu. Yusra, ambaye sasa naye ni fundi mitambo, anasema baba yake alibaki vile vile karakanani, anakaza na kukaza tena. Ila kabla ya kukaza kitu kipya alikuwa anasimama kwanza, anakitazama, anauliza, "Hiki kinataka kufungwa?"

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa mkono wa pole Bi Mwasiti, Yusra na ndugu wote wa Ujiji na Rusimbi. Pole pia kwako, Feliksi, unayetusikiliza ng'ambo ya mpaka. Mungu ampokee Fundi Luqman na ampumzishe. Sisi tuliobaki tutazame kazi zetu, nyumba zetu, hata watoto wetu, na kila mmoja ajiulize swali lake lile: hiki kinataka kufungwa? Mimi nimejiuliza, na jibu sikulipenda.

Msibani tulikuwa watu wengi. Jirani walitaka kuleta unga kutoka mashine nyingine, ili mfiwa apumzike. Bi Mwasiti alikataa. Aliinuka kwenye mkeka, akaenda uani, akawasha mashine yake. Unga wa ugali wote tuliokula siku ile ulisagwa kwa mota ile ile.