Chupa za Stenlesi za Nyumba ya Luhende

Kijiwe chetu hapa Mabatini ni benchi moja la mbao juu ya mawe mawili, mbele ya banda la Injinia, fundi baiskeli. Muhidin huleta birika la kahawa kila mchana, sisi tunaleta midomo. Jumanne ile midomo ilikuwa mizito. Luhende alikuwa ametoka hospitali, alikolazwa binti yake Evelina kwa taifodi, na alikuwa ameipakata chupa ya maji ya mtoto, ile ya stenlesi ya bluu. Yeye ndiye aliyeanza. Aliinunulia familia nzima chupa hizo, kila mtu na rangi yake, na mtaa mzima ukamwiga. Muuzaji alituambia chuma kile hakikai vijidudu. Basi tukaacha kuchemsha maji, maana mkaa siku hizi ni wa matajiri, tukawa tunachota kisimani na kujaza moja kwa moja.

— Daktari kasemaje? akauliza Injinia.

— Kasema ni maji. Nikamwambia maji yetu yako kwenye stenlesi. Akaniangalia tu.

— Kosa ni mfuniko, akasema Injinia. Ndani una mpira. Vijidudu vinalala kwenye mpira.

— Mpira wapi, akadakia Kashindye, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Umepigwa, ndugu yangu. Hiyo feki. Stenlesi yenyewe haishiki sumaku.

Injinia akaingia bandani, akatoka na sumaku ya spika mbovu. Akaigusisha kwenye chupa. Haikushika. Akajaribu na kitako, wapi.

— Kumbe ni orijino, akasema Luhende. Sasa mwanangu anaumwa nini?

— Rangi, akasema Injinia. Bluu inavuta jua. Wa kwangu ana nyeupe na yuko fiti.

— Achana na rangi, akasema Redio. Ni ule mnara wa simu pale juu mlimani. Chuma kinadaka mawimbi, maji yanatikisika usiku kucha, asubuhi yameshachoka. Mtoto anakunywa maji yaliyochoka.

— Maji yanachoka? akauliza Muhidin.

— Kwani wewe huchoki?

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikereka, mtu ana mgonjwa halafu unamletea habari za mnara. Lakini sikunyamaza, na mimi nikatoa pumba zangu:

— Labda alikunywa ya mwenzake. Shuleni wanabadilishana sana.

— Hapo umesema, akasema Injinia, na wote wakatikisa vichwa kama nimepatia kitu.

Luhende wala hakuwa anatusikiliza.

— Usiku kucha anaita maji, akasema. Nikimpa anageuza uso. Nilimnunulia hii ili asiugue. Nimechoka, jamani. Sijui nifanye nini.

Muhidin akammiminia kahawa nyingine bila kuombwa. Luhende akaishika tu, hakuinywa.

Ndipo akafika Odeta, dada yake mdogo, ametoka Nansio kwa meli ya asubuhi baada ya kusikia mtoto kalazwa. Akatua begi chini.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia.

— Pole, kaka. Anaendeleaje?

— Hivyo hivyo. Homa haishuki.

Odeta akakaa ukingoni mwa benchi. Akaichukua ile chupa mapajani mwa kaka yake, akaitazama, akamrudishia.

— Na wadogo zake wawili, akauliza, leo wameenda shule na maji gani?

Luhende akaigeuza chupa mkononi. Akamtazama Injinia. Injinia akainamia sumaku yake. Wangu watatu waliondoka asubuhi na chupa zao mabegani, na mimi mwenyewe ndiye niliyezijaza kisimani.