Micah Kimaiyo, Aliyeisalimia Nguzo ya Boma

Wapendwa, mimi Chepchirchir sikusoma, kwa hivyo Mzee wa Kanisa Hezekiah anawasomea haya vile niliyasema kwa mdomo wangu.

Mume wangu Micah Kimaiyo alizaliwa upande wa Ravine, mwaka hatuujui, ila mamake alikuwa akisema reli ilipofika Nakuru yeye alikuwa anatambaa, shule hakuiona, akaja Rongai kukamua ng'ombe wa mzungu, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja, tukaoana mwaka wa 1924, Mungu akatupa watoto sita, na wanne mnawaona hapa.

Mwaka wa 1953 alianza kusahau mambo na kupita watu bila salamu, na Kemboi, rafiki yake waliyetahiriwa pamoja, akasema huyu sasa anajiona, akaacha kukanyaga kwetu. Halafu asubuhi moja Micah akaisalimia nguzo ya boma, akaiuliza kama watoto wameamka vizuri, wakamuaji wenzake wakacheka mpaka maziwa yakamwagika, lakini wazee wakasema hii ni laana, tumtakase. Mbuzi alikuwa amekwisha fungwa kamba nilipoona sisimizi wamejaa pale Micah anapokojoa nyuma ya nyumba, nikawauliza wazee, ni laana gani hii tamu.

Tukampeleka hospitali Nakuru, nesi Nekoye akachemsha mkojo na dawa ukageuka rangi ya matofali, daktari akamulika macho, akasema ni sukari, damu imevuja ndani ya macho, ndiyo maana haoni watu, na hata kule kusahau kwake ni ugonjwa, si kiburi. Nililia kwa kushukuru, na mbuzi naye akapona.

Macho hayakurudi. Lakini Kemboi aliposikia alikuja, akasimama mlangoni akasema ni yeye Kemboi, na Micah akamuuliza ni nani aliyemfungia nje muda wote huo. Tangu siku hiyo kila aliyeingia kwetu alitaja jina lake, na hata majina yalipompotea, sauti alizijua. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Kemboi.

Tunawashukuru daktari, nesi Nekoye, majirani waliotuchotea maji, na wakamuaji, hata nyinyi mliocheka.

Mkipita kwa jeneza, kila mtu ataje jina lake, vile tumezoea. Pumzika kwa amani, Micah, hakuna mtu hapa anayekudai salamu.