Mafuta Meupe

Benchi la kijiweni lilikuwa kazi ya mikono ya seremala wa mtaa, na kwa kuwa mguu mmoja ulitoka mfupi kwa sentimita moja, mwenyewe akabaki na jina la Sentimita. Jioni ile alikuwa ameweka katikati ya vikombe vya kahawa taa kuukuu ya marehemu baba yake, karabai ya pampu yenye tumbo la shaba kama kitambi cha mwenye duka. Kesho yake alitaka kuwapeleka wapwa zake wawili kupiga kambi msituni. Dada yake alikuwa amegoma wiki nzima, akisema kaka yake hawezi kuachiwa hata kuku, sembuse watoto. Mwishowe alilainika kwa sharti moja: aje aione taa ikiwaka kwa macho yake. Sasa alikuwa njiani, na Sentimita hakujua taa ile inakunywa nini.

— Baba alikuwa akisema haitaki kitu ila mafuta meupe, alisema Sentimita. Hayo meupe ndiyo yapi?

— Petroli hiyo, alijibu Injinia.

Injinia alikuwa mlinzi wa kiwanda. Kwa miaka ya kuwafungulia mainjinia geti, elimu yao ilikuwa imemwingia kupitia kwenye bawaba.

— Petroli si nyeupe, ndugu yangu, alisema Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Ina rangi ya chai iliyochoka.

— Kwa mtu wa kawaida. Kitaalamu ni nyeupe.

— Meupe ni spiriti. Mimi nawapaka watu visogoni kutwa nzima. Imewahi kumwachia mtu doa?

— Doa hapana. Mayowe tu.

Rubani alikohoa. Huyu aliwahi kusukuma vitoroli vya mizigo kwenye uwanja wa ndege, na tangu alipoachishwa kazi alizungumza kama mtu aliyetua sasa hivi.

— Mnazunguka bila kutua. Ndege inatumia nini? Mafuta ya taa. Ila yaliyosomeshwa.

— Yamesomeshwa wapi?

— Yanachujwa, yanachujwa tena, mpaka yanasahau kwao. Hapo ndipo yanaitwa meupe.

Muuza kahawa, mwanamke aliyekaa na jiko lake la mkaa hatua chache tu kutoka kwenye benchi, alikuwa akisikiliza huku akipepea.

— Mimi mafuta meupe nayajua ya aina mbili, alisema. Ya kopo ya kukaangia, na ya kuwapaka watoto wakitoka kuoga.

— Shangazi, hii ni taa.

— Ndiyo nasema muipake, itakate.

Wengine walicheka, lakini Rubani alikuwa ameshaanza kupaa.

— Msimcheke. Mafuta ya kupaka yakipata joto yanatoa mwanga. Hamjawahi kumwona bibi harusi? Ukumbi mzima unang'aa, na hakuna aliyempiga pampu.

Sentimita alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kumkatalia mtu. Ukimwambia rafu yako ya vyombo aipinde, ataipinda, kisha akuombe radhi kwa kuwa haikupinda zaidi. Kwa hiyo Injinia alipokwenda kwenye pikipiki yake na kurudi na chupa ya petroli, Sentimita alifungua kifuniko.

— Kidogo tu, bwana. Kwa majaribio.

— Kidogo tu, alisema Injinia, akamimina.

Wembe akaona amedharauliwa mbele ya watu.

— Kumbe yake ndiyo mafuta, yangu mimi maji ya kunawa?

— Hapana, kaka. Nawe tia kidogo.

Akavuka barabara, akarudi na spiriti ya saluni. Rubani naye alichepukia nyumbani, akaleta mafuta ya taa ya jikoni kwa mke wake, ambayo kwa maelezo yake yalikuwa yamefika sekondari. Injinia alipoona wenzake wanamzidi, akaongeza petroli, isije kusemwa kesho kwamba taa iliwaka kwa sababu ya kinyozi. Hapo swali halikuwa tena taa inataka nini. Swali lilikuwa taa itawaka kwa jina la nani.

— Sasa piga pampu, alisema Rubani.

— Washa kwanza, alisema Injinia. Pampu baadaye.

Sentimita alikuwa ameshatoa kiberiti mfukoni dada yake alipotokea.

— Habari zenu.

— Nzuri, dada. Karibu kahawa.

— Nimeshakunywa. Ndiyo hii?

— Ndiyo hii, alisema Sentimita. Ya baba.

Dada aliinama taratibu, akapitisha kiganja juu ya shaba kama anayempapasa mtoto kichwani. Kisha pua yake ikafika kwenye kifuniko. Alinyooka.

— Kaka, mmetia nini humu?

Sentimita alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Wembe.

— Mimi nilitia tone tu, alisema Wembe.

— Yangu ilikuwa ya kusuuzia, alisema Injinia.

— Mimi sikutia, alisema Rubani. Nilishika chupa, ikainama.

— Sijauliza nani, alisema dada. Nimeuliza nini.

Muuza kahawa aliinuka. Alilibeba jiko lake na makaa yake mekundu, akavuka barabara nalo, wala hakugeuka kudai vikombe vyake.

Sentimita alilifuata jiko kwa macho mpaka likatua ng'ambo. Ndipo alipoelewa lilikuwa karibu kiasi gani, na kiberiti alichokishika kilikuwa karibu zaidi. Dada yake alinyoosha mkono. Sentimita akampa kiberiti.

— Wanao wameshafunga mizigo? aliuliza kwa sauti ndogo.

— Tangu mchana. Mdogo amelala chini sebuleni, anafanya mazoezi ya hema. Kawaambie wewe kwamba hamwendi.

— Niwaambie sababu gani?

Dada alionyesha benchi kwa kidevu.

— Si unao wataalamu? Waulize.

Sentimita aligeuka. Wote watatu walikuwa wameinamia vikombe vyao, wakinywa kwa bidii kahawa iliyokuwa imekwisha zamani.