Wilfred Barraclough, Aliyevuka Daraja na Skafu Shingoni

Mliokuja kumsindikiza Wilfred, kaeni kitako msikie. Yatasomwa kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Machi 1947, Mtaa wa Wangozi, hapa Marsholt. Theluji ilikuwa imeziba mlango, mkunga akaingizwa dirishani, miguu mbele. Alikuwa kitinda mimba wa mzee Horace na mama Nellie, nyuma ya Norman na Edna. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alitoka amekunja ngumi, na hakuwahi kuzikunjua.

Alisoma shule ya Mtakatifu Aidan, kisha sekondari ya wavulana. Mwaka 1963 kiwanda cha ngozi, walikofanya kazi baba na Norman, kilifungwa, kikabomolewa. Juu ya uwanja ule ule yakapandishwa majengo ya vioo na zege, chuo cha ufundi kikahamia, na mwaka 1966 kikaitwa chuo kikuu. Oktoba ya mwaka huo huo Wilfred akaingia kusoma kemia. Baba alifurahi. Norman alitema mate.

"Unakwenda kusoma juu ya kaburi letu," alimwambia.

"Kaburi gani, kaka, lenye maji ya moto bombani?" Kofi alilopata lilisikika mpaka kwa jirani.

Wilfred alipewa chumba bwenini, ghorofa ya kumi na moja. Lifti ilikuwa mbovu kila Jumamosi, kwa sababu kila Ijumaa wanafunzi walicheza raga ndani yake. Mama alipanda ngazi zote na pai ya nyama, akahema, akakuta foleni ya vijana wenye njaa na uma mikononi. Walimpenda kuliko mkuu wa chuo.

Sasa, wanafunzi wale walijitungia desturi. Jumamosi ya kwanza ya Novemba kila mgeni wa mwaka wa kwanza alipaswa kufunga skafu ya chuo, ya njano na nyeusi, avuke daraja, aguse mlango wa baa ya Kondoo Dume, arudi. Vijana wa mjini, waliokosa kazi kiwandani, nao waliapa kwamba skafu haivuki. Iliyovuka ilikatwa kwa kisu na kupigiliwa misumari ukutani mwa baa. Wilfred, mtoto wa mtaa, aliambiwa na wenzake abaki. Akakataa, akatangulia mbele.

Walikutana katikati ya daraja mchana kweupe, mvua inanyesha. Mbele ya vijana wa mjini alisimama Norman, mnyororo wa baiskeli mkononi.

"Vua hicho kitambaa, Wilf. Usinitie aibu mbele ya watu."

"Njoo univue wewe."

"Oyaa, Profesa!" wakapiga kelele wa nyuma. "Norman, mdogo wako anakufundisha adabu!"

"Wilf, nakuomba."

"Kwani unaogopa nini? Piga, au nipishe nipite."

Norman akapiga. Mnyororo ulichukua jicho la kulia na ngozi ya shavu. Pande zote mbili zikaingiana kwa mawe na chupa, na damu ikaenda na maji ya mvua mpaka mtaroni. Wilfred alipita kwa miguu yake, akaugusa mlango, akaanguka pale pale.

Jioni hiyo baba alimpiga Norman kwa mkanda wa kazini, akamtupia nguo zake nje. Wilfred alirudi darasani na bendeji. Wanafunzi wakambeba mabegani, akawafokea: "Nishusheni! Mnanibeba kama kombe. Nimepoteza jicho, sijashinda mpira."

Alihitimu mwaka 1969, akaajiriwa maabara ya chuo hicho hicho, kisha akawa mhadhiri mpaka alipostaafu 2009. Alifundisha pia klabu ya ngumi. Kila Jumamosi ile ya Novemba alisimama peke yake katikati ya daraja kuwatenganisha, akapigwa na wa huku na wa kule. Pua ilivunjika mara mbili. Mwaka 1974 alimshika mwanafunzi mmoja na kijana wa mjini mmoja, akawatupa wote wawili mtoni. Mwaka 1981 desturi ilikufa, na ni yeye aliyeiua.

Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Pauline Entwistle, mkutubi wa chuo. Norman alikuja kanisani amenyoosha mkono. Bwana harusi alimpiga ngumi, meno mawili yakatoka.

"Basi, tumelingana?" Norman aliuliza, mdomo umejaa damu.

"Meno hayalingani na jicho." Picha za harusi zina damu kwenye shati, na Pauline hakukubali zichomwe.

Mwaka 2019 Wilfred alishikwa na ugonjwa wa kutetemeka. Madaktari walisema kichwa kilipigwa sana. Kila Alhamisi Norman alikuja hospitali akakaa nje kwenye korido.

"Aingie?" Edna aliuliza.

"Akiingia nampasua."

Alhamisi moja Norman aliingia bila kuitwa. Wilfred alimrushia jagi la maji, mkono ukatetemeka, likagonga ukuta. Norman aliliokota, akalijaza tena bombani, akaliweka mezani, akatoka. Baadaye Wilfred aliinuka kwa shida, akamimina, akanywa. Alifariki Jumapili, tarehe 14 Januari 2024, saa nne asubuhi.

Hakutamka msamaha, na wasifu huu hautamsingizia. Wapo waliotaka jina moja liachwe lisisomwe. Lakini anayesoma ni Edna.

Marehemu ameacha mjane, Pauline, watoto wawili, Gillian na Keith, wajukuu watano, dada yake, Edna, na kaka yake, Norman, yule aliyejificha nyuma ya nguzo. Norman, toka hapo. Jeneza lina wabebaji watano, na nafasi ya sita ni yako.

Wilfred, ngumi zimekwisha. Kunjua mikono, ulale kwa amani.