Kiingereza cha Kesho, Kipindi cha Pili

Benchi ni langu, na hilo naomba lieleweke mapema, maana wanaolikalia wameshalifanya la baba zao. Nililiweka mbele ya kibanda changu cha kushona viatu ili mteja akae akisubiri gundi ikauke. Wateja wenyewe husimama. Wanaokaa ni Mzee Mhuri, karani mstaafu aliyegonga mihuri miaka thelathini, ambaye mpaka leo akimaliza sentensi lazima ashushe ngumi juu ya mbao zangu, na Mawimbi, fundi redio wa mlango wa pili, ambaye kila tatizo la dunia kwake limetokana na mawimbi. Mke wangu hunipa birika la kahawa saa nane, na ikifika saa kumi birika ni jepesi na mimi sijaonja. Wa tatu ni Mwalimu, dada anayefundisha Kiingereza darasa la nne katika shule ya ng'ambo ya barabara. Yeye hukaa pembeni akisahihisha madaftari, na ndiye peke yake anayenishukuru kwa kahawa. Siku hiyo hakuwa na madaftari. Alikuwa ameshika tama.

— Kesho mkaguzi anakuja, alisema. Kipindi cha pili, darasani kwangu.

— Aje! alisema Mzee Mhuri. Kwani wewe mwizi?

— Mara ya kwanza aliandika mstari mmoja tu: wanafunzi hawazungumzi. Akikuta hivyo tena kesho, nanyang'anywa darasa, mzee wangu. Nitapelekwa stoo kuhesabu chaki.

Nikasimamisha sindano. Huyu dada nimemfahamu tangu alipoanza kazi, na sijaona mtu anayeipenda kazi yake namna ile. Mtoto mmoja akipata vema, sisi wote benchini tunasomewa daftari lake kutoka mwanzo mpaka mwisho, tupende tusipende.

— Sasa umekosea wapi? aliuliza Mawimbi.

— Ndicho ninachojiuliza. Nilipokwenda semina tulipewa kitabu cha Kiingereza cha darasani. Nimeshika sentensi arobaini. Kaeni, simameni, fungueni vitabu, tazameni ubaoni, nyamazeni. Sitoi Kiswahili hata neno moja. Na kwao nimekipiga marufuku tangu wiki jana. Ukivuka mlango, Kiswahili umekiacha nje na viatu vyenye matope.

— Hebu tujaribu sisi, alisema Mawimbi.

Mwalimu akanyanyua mkono, akatoa amri moja kwa Kiingereza kilichonyooka. Mawimbi akasimama wima.

— Mmeona? Nimeelewa!

— Umeuona mkono, nikamwambia. Kaa, unanizibia mwanga.

— Hata wao wako hivyohivyo, alisema Mwalimu. Nikiwauliza mmeelewa, wote arobaini na tano wanaitikia "Yes, ticha", mpaka darasa la jirani wanachungulia. Nikimsimamisha mmoja, kimya. Wametulia kama maji mtungini. Yuko kabinti kamoja alikuwa anakaa mbele kabisa, mcheshi huyo! Tangu marufuku hiyo hajafungua mdomo. Nimemhamishia nyuma, karibu na kabati, mkaguzi asije akamchagua.

Hilo la mwisho alilisema akitazama chini, na hakuna aliyemtania.

Mzee Mhuri akakohoa, dalili kwamba mihuri inakuja.

— Binti yangu, watoto wa siku hizi hawana akiba. Sisi tulikariri barua nzima! Mwisho wa barua unaandika, nina heshima kuwa mtumishi wako mtiifu. Hiyo ilinifaa maisha yote. Hata barua ya uchumba niliifunga hivyo.

— Ukajibiwa? nikamuuliza.

— Nikakubaliwa. Ila mke wangu ameitunza ile barua, na kila akitaka maji yachotwe ananisomea mstari wa mwisho.

Tulicheka mpaka Mwalimu naye akatabasamu kidogo. Mawimbi hakutaka kuachwa nyuma.

— Kukariri hakusaidii kama sikio halijakamata stesheni. Lugha ni mawimbi, Mwalimu. Kiingereza kinapita juu kidogo ya Kiswahili, kama hapa kwenye paji la uso. Wewe watoto wako ni wafupi. Kinawapita!

— Kwa hiyo nifanye nini?

— Wapandishe juu ya madawati. Fungua madirisha yote, na kila mtoto ashike waya mkononi.

— Mbele ya mkaguzi?

— Na yeye mpe waya.

— Acha upuuzi, alisema Mzee Mhuri, ngumi ikashuka. Tatizo ni uji! Mtoto anakunywa uji wa moto asubuhi, ulimi unalegea. Kiswahili ni lugha laini, kinatoka hata kwa ulimi uliolegea. Kiingereza kinataka ulimi mkavu. Ofisini kwetu bosi alikuwa hanywi kitu mpaka saa sita, na barua zake zilikuwa zinatisha.

Mimi ni mtu wa kusikiliza, lakini walipofika kwenye uji niliona siwezi kuachwa kwenye kibanda changu mwenyewe. Nikawaambia kwamba chanzo ni viatu. Kiatu kikibana, mtoto anawaza kidole, na anayewaza kidole hawezi kuwaza lugha mbili. Nilishangaa mwenyewe jinsi lilivyosikika kuwa la kisomi. Mzee Mhuri aliliafiki kwa ngumi mbili. Mawimbi akasema labda misumari ya soli inavuruga stesheni. Kama tungeachwa nusu saa zaidi, shule nzima ingekwenda peku, bila uji, juu ya madawati.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja ameshika kiatu cha mtoto, soli imeachama. Sikuwahi kumwona. Akasalimia wote, akanipa kiatu, akakataa kukaa. Nilipoanza kushona, akasogea karibu na benchi.

— Samahani, baba zangu. Nimesikia mnazungumzia Kiingereza. Mimi sikukisoma. Mtu akitaka kusema haoni ubaoni, anasemaje?

Mzee Mhuri alinyooka kama aliyeitwa ofisini. Akavuta pumzi, akamwaga Kiingereza kirefu chenye heshima nyingi na mtumishi mtiifu mwishoni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

— Ni kirefu, baba. Ni cha mtoto wa darasa la nne.

— Anasoma wapi? aliuliza Mwalimu. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

— Hapo ng'ambo. Tangu zamani anakaa mbele, kwa sababu ya macho. Wiki hii kahamishiwa nyuma. Anarudi daftari ni jeupe, kichwa kinamuuma.

Nilijichoma sindano. Mawimbi alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

— Hakumwambia mwalimu wake? aliuliza Mwalimu.

— Ndilo nililomuuliza. Maana nyumbani Kiingereza anakimwaga! Anawapanga wadogo zake ukutani, anajifanya yeye ndiye mwalimu. Kaeni, simameni, nyamazeni, sijui nini na nini. Anampenda huyo mwalimu mpaka anatembea kama yeye. Nikamwambia, basi si unajua Kiingereza, kesho mwambie huoni. Akaniambia, mama, tumefundishwa ya mwalimu kutuambia sisi. Ya sisi kumwambia mwalimu bado.

Mama akacheka kidogo, cheko la mzazi anayejivunia mtoto na kumhurumia papo hapo.

— Na Kiswahili hakitakiwi. Sasa nyie mliosoma nisaidieni. Kesho akifika pale aseme nini?

Sisi watu wa mawimbi, uji na viatu, ambao dakika tano nyuma tulikuwa tunaitengeneza elimu ya dunia nzima, tulitazama barabara. Ninasema kweli, nilitamani ardhi ipasuke, na mimi sifundishi mtu. Mwalimu alikuwa anafungua kile kitabu chake cha semina, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka kwenye zile sentensi arobaini. Kilifika chini ya ukurasa wa mwisho. Alikifunga kitabu, akainuka, machozi yakimlengalenga.

— Mama, mwalimu wake ni mimi.

Mama alishika mdomo.

— Nisamehe, Mwalimu! Sikuja kushtaki, wallahi, nilileta kiatu tu.

— Usiniombe msamaha. Mwambie kesho arudi kwenye kiti chake cha mbele. Na mwambie akiwa na neno, aniambie kwa Kiswahili. Aseme kwanza. Kiingereza chake nitampa mimi palepale, naye atakirudia. Na wenzake wote vilevile.

Mzee Mhuri alimvuta mkono taratibu, kama baba.

— Na mkaguzi je, binti yangu? Hicho ndicho kipindi chake. Na darasa unalitaka.

— Nalitaka, mzee wangu. Lakini mkaguzi atasubiri. Huyu ameshasubiri wiki nzima.