Gaëlle Anakatala Kusaini Plan

Nilikaa nyuma ya batu babili mu boti ya kwenda Kilwa. Gaëlle, fundi wa programu za ordinatère, ni kusema kompyuta, alikuwa anaonyesha jirani yake, papa Sampa muchuuzi wa samaki, plan ya programu mupya ambayo patron yake anataka aisaini.

"Ona, papa: kipande hiki kinangojea jibu ya kile, na kile kinangojea jibu ya hiki. Nimeipima na hesabu. Vyote vitakwama. Sisaini, hata banifukuze!"

"Awe, mayo, hapana. Muandike programu kwanza, mutatengeneza kisha. Ku kazi ya kweli vitu havikwamake vile."

Nahodha alikuwa amekatala kuwasha motere mpaka boti ijae. Batu ku kivuko nao balikatala kupanda mpaka basikie motere. Mimi nilikuwa nimeshamaliza karanga zangu zote.

Gaëlle akacheka kwa hasira. "Papa, tangu asubuyi tumefika wapi?"

"Itajaa tu," Sampa akajibu, bila kugeuka ku kivuko.